Kabla ya Turbo Kubwa, Uliza Petroli Itatoka Wapi

Nitasema kitu ambacho vijana wa magari hapa Mombasa hawatakipenda: turbo haileti nguvu. Sikizeni kwanza kabla hamjanirukia. Turbo inaleta hewa, basi. Nguvu inatoka kwa petroli inayochomwa pamoja na hiyo hewa. Ukisukuma ndani ya injini hewa ya farasi 300, na mfumo wako wa mafuta una uwezo wa kuleta petroli ya farasi 220 tu, hujapata farasi 300. Umepata injini inayojichoma polepole, na siku moja itajichoma haraka.

Ndo maana msimamo wangu ni huu: pesa ya kwanza ya mradi wa turbo isiende kwa turbo. Iende kwa pampu, injekta, regyuleta, waya na paipu za mafuta. Yaani vitu ambavyo havilii, having'ai, na ukivirekodi hakuna anayetazama. Hilo nalijua vizuri manake kazi yangu ni kurekodi. Klipu ya sekunde 15 ya ekzosi ikipiga pap-pap pale Mama Ngina jioni itatembea mbali kuliko dakika 10 nikieleza presha ya mafuta. Sina kinyongo, watu wanapenda wanachokipenda. Lakini kijana akijifunza magari kwa simu, anajifunza yale yanayosikika tu. Na kinachoua injini mara nyingi hakisikiki mpaka kimeshaua.

Nitawapa mfano wa nyumbani, mwenyewe amenikubalia bora nisitaje jina.

Kaka yangu, mtoto wa mama mdogo, ana Subaru Forester SG5, ile ya lita 2.0 yenye turbo, injini EJ205. Kule Japani gari hili lilitoka na farasi 220. Anafanya kazi ya kliaringi, karatasi za magari yanayoshuka bandarini, kwa hivyo kutwa nzima anaona magari ya wenzake yakipita mkononi mwake. Alijinyima mwaka mzima akaweka laki na themanini. Siku moja akanipigia simu, sauti imejaa furaha: "Dogo, nimepata turbo. Eksi-Japani, kubwa kuliko hii yangu. Jumamosi tunafunga. Njoo na kamera."

Nikamuuliza, "Injekta je, kaka?"

"Injekta zina nini? Si zinafanya kazi?"

Hapo ndo penyewe. Zinafanya kazi, ndiyo. Kazi ya farasi 220.

Kabla hujasema hilo ni gari lake na pesa ni zake, jua gari hili linabeba nani. Mama mdogo anaishi Likoni. Kila wiki mbili Forester inavuka na feri kumleta kisiwani kliniki, inamrudisha. Asubuhi inapeleka watoto shule, Jumamosi madrasa. Gari likifa, si kaka peke yake atakayetembea kwa miguu.

Basi tukakaa Mbaraki, kwenye gereji iliyo nyuma ya mayadi ya magari, mimi, yeye na fundi wetu mmoja mtu mzima ambaye sisi wote twamwita Mzee. Tukapiga hesabu nyuma ya risiti. Hazihitaji digrii hizi hesabu, na ushahidi ni mimi niliyetoka chuo kabla ya wakati.

Kanuni ya mkono ni kwamba injini ya turbo ikikanyagwa mpaka mwisho, kila farasi mmoja hula kama gramu 270 za petroli kwa saa. Farasi 300 ni kilo 81. Lita moja ya petroli ina uzito wa gramu 740 hivi, kwa hivyo hiyo ni karibu lita 110 kwa saa. Hakuna mtu anayekanyaga saa nzima, najua, lakini kwa zile sekunde unazokanyaga, huo ndo mwendo ambao petroli inatakiwa kufika. Gawa kwa dakika 60, unapata kama mililita 1,830 kila dakika. Gawa kwa silinda 4, kila injekta inatakiwa kumwaga mililita 458.

Sasa injekta haitakiwi kukaa wazi muda wote. Ni vali ndogo ya umeme, inafunguka na kufungika. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, mzunguko mmoja kamili wa kazi unachukua milisekunde 20. Mafundi wanapendelea injekta iwe wazi asilimia 80 ya muda huo, yaani milisekunde 16, ibakiwe na nafasi ya kupumua. Ikizidi sana hapo inakuwa kama bomba lililoachwa wazi, kompyuta haiwezi tena kulidhibiti. Kwa hivyo 458 gawa kwa 0.8: unahitaji injekta ya mililita 570 na kitu kwa dakika. Piga hesabu hiyohiyo kwa farasi 220, utapata kama 420.

Kaka akaiangalia ile risiti kimya. Kati ya 420 na 570 si pengo la kuzibwa na bismillahi.

"Sasa hiyo hewa ya ziada ikiingia na mafuta hakuna, inakuwaje?" akauliza.

Mzee akamjibu kwa upole, "Inakuwa jiko."

Nieleze hapo. Petroli ili iungue sawasawa, kilo moja inataka kilo 14.7 za hewa. Hiyo ni wakati unaendesha taratibu. Ukikanyaga, turbo ikajaa, injini nyingi zinapewa petroli zaidi ya hiyo, kilo moja kwa kilo 11 au 12 za hewa. Ile ya ziada haiendi bure. Inageuka mvuke, inapoza chumba cha moto. Ikikosekana, joto linapanda, na petroli inaanza kulipuka yenyewe kabla ya wakati wake. Huko ndo kunoki. Mapigo machache ya aina hiyo yanatosha kuvunja ukingo wa pistoni. Na gari litakuwa linakimbia vizuri tu, pengine hata vizuri kuliko kawaida, mpaka sekunde ile ya mwisho. Hiyo ndo sehemu inayonitisha mimi. Ugonjwa wenyewe unakuja na raha.

Watu wengi wakisikia hivi wanasema sawa, nitanunua pampu kubwa. Wanataja Walbro ya lita 255 kwa saa, manake ndo jina linalojulikana kila gereji. Ni pampu nzuri, na kwa sababu ni maarufu, feki zake zimeenea dunia nzima, kwa hivyo angalia unanunua kwa nani. Lakini tuseme umepata orijino. Ukiangalia haraka utasema: nahitaji 110, nina 255, nimebakiwa. Hapana. Ile 255 inapimwa kwa presha ya chini na umeme uliojaa. Presha ikipanda, kiasi kinachotoka kinapungua. Umeme ukishuka, kinapungua tena.

Na presha lazima ipande. Fikiria hivi: injekta inamwaga petroli ndani ya njia ya hewa. Presha ya kawaida ya mafuta ni kama baa 3. Turbo ikijaza ile njia kwa baa 1 ya busti, hewa inasukuma petroli irudi nyuma. Ikiwa presha ya mafuta imebaki palepale 3, iliyobaki ya kufanya kazi ni 2, na injekta ileile inamwaga pungufu kwa karibu asilimia 18. Yaani unapoihitaji zaidi ndo inakupa kidogo. Ndo maana regyuleta ina kale kapaipu kadogo ka mpira kanakotoka kwenye njia ya hewa: kanaiambia busti imefika ngapi, na yenyewe inapandisha presha kwa kiasi hichohicho. Busti 1, mafuta 4. Kapaipu kenyewe kakipasuka au kakachomoka, injini yako inakosa mafuta na wewe unaendelea kucheza muziki.

Halafu kuna umeme, na hapa sisi watu wa pwani tuna adui wetu peke yetu. Chumvi. Upepo wa bahari unakula kila kitu. Gari likikaa hapa kisiwani miaka, soketi za waya zinaota ule unga wa kijani, na waya wa athi unapoteza mshiko na bodi. Alteneta inatoa volti 14, pampu nyuma kule inapokea 11 na kitu. Pampu mpya kwenye waya mbovu ni sawa na kumpa mtu kazi ya kubeba magunia bila kumlisha. Ndo maana fundi anayejua atakwambia uvute waya mpya mnene kutoka kwa betri, wenye fyuzi na rilei yake, uende moja kwa moja kwa pampu. Si kazi ya pesa nyingi. Lakini nani atairekodi?

Mzee hakutaka kubishana sana. Akasema, "Kabla ya kufunga chochote, tuliulize gari lenyewe." Akaunganisha geji ya presha ya mafuta, akaweka na sensa ya waidibendi kwenye ekzosi, ile inayosoma mchanganyiko wa hewa na mafuta. Wakatoka asubuhi mapema na kaka, barabara nyeupe, turbo ileile ya kiwandani, hakuna kilichobadilishwa.

Majibu yalikuwa haya. Injini ikipita mizunguko 5,500, presha ya mafuta ilikuwa inaanza kushuka badala ya kushikilia. Na mchanganyiko unaanza kukonda, kutoka 11 na ushee unaelekea 13. Maana yake pampu iliyomo ndani ya tangi, iliyotoka Japani na gari, ilikuwa imeshachoka hata kwa zile farasi 220. Gari lilikuwa linaomba msaada tayari, na sisi tulikuwa tunapanga kulitwika mzigo mwingine.

Mzee akaangalia geji ya mafuta kwenye dashibodi, akacheka kidogo. Taa ya njano ilikuwa inawaka.

"Hii taa huwa inazima?" akauliza.

Kaka akasema, "Mwisho wa mwezi."

Wanangu, hii ni yetu sote. Tunaweka ya mia tano, leo ya mia tano, kesho ya mia tano. Naelewa, maisha ni magumu na bei EPRA inatangaza kila tarehe 14. Lakini pampu ya umeme ndani ya tangi inapozwa na petroli iliyoizunguka. Ukiiacha ikining'inia kwenye hewa miezi na miezi, inajipika. Na ukikata kona kwa nguvu na tangi tupu, mafuta yanakimbilia upande, pampu inanyonya hewa. Ukiwa kwenye gari la kawaida litakohoa tu. Ukiwa kwenye busti kamili, kule kukohoa ni nusu sekunde ya jiko. Kwa hivyo ushauri wa kwanza wa mfumo wa mafuta hauna hata spea: usikanyage gari la turbo likiwa chini ya robo tangi. Wallahi hiyo pekee ingeokoa injini nyingi.

Kuna kitu kingine cha huku kwetu ambacho sijasikia watu wa mitandao wakikieleza. Tyuna wengi na mashine nyingi za daino ziko Nairobi. Mtu anapanda na gari lake, linatyuniwa, linashuka. Au jamaa wa Nairobi anakuja Disemba kutembea, na Subaru yake imekazwa mpaka mwisho. Nairobi iko juu ya bahari kama mita 1,700. Hewa ya kule ni nyepesi, presha yake ni kama asilimia 82 ya hii yetu. Sasa gari likiwa na kidhibiti cha busti cha mkono, kile cha kukaza kwa skrubu, kinashika busti ukilinganisha na hewa ya nje. Nairobi, baa 1 ya busti juu ya hewa ya 0.82 inakuwa 1.82. Mombasa, baa 1 juu ya 1 inakuwa 2. Hiyo ni karibu asilimia 10 zaidi. Joto letu linapunguza kidogo manake hewa moto ni nyepesi, lakini bado injini inapokea hewa nyingi kuliko ile iliyotyuniwa nayo.

Kama injekta zilikuwa kwenye asilimia 80 kule, utafika asilimia 87 hivi, utaishi. Kama tyuna alizikamua mpaka 93, ukifika Mombasa zinakwisha. Zinakaa wazi muda wote na mafuta bado hayatoshi. Mtu anapita Mtito, anapita Voi, gari linazidi kuwa tamu kadri anavyoshuka, anasema "pwani gari inakubali." Inakubali kweli. Halafu anafika Mariakani na moshi wa buluu. Kwa hivyo ukienda kutyuni juu, mwambie tyuna: hili gari linaishi usawa wa bahari, niachie nafasi. Na ukishuka, peleka lipimwe tena.

Tuje kwa petroli yenyewe. Sisi watu wa Mombasa tunajivunia, mafuta ya nchi nzima yanaingia kupitia kwetu, yanashuka Kipevu, yanapanda na bomba kutoka Changamwe. Lakini kuwa karibu na mlango si kuwa na mafuta tofauti. Magari haya ya turbo kutoka Japani yaliandikiwa ile petroli yao ya daraja la juu, ambayo kiwango chao rasmi cha chini ni oktani 96 na kwa kawaida huuzwa ikiwa karibu na 100. Supa yetu ya kawaida iko chini ya hapo. Oktani si nguvu, ni uvumilivu: petroli ya oktani ya juu inavumilia joto na mbano bila kulipuka mapema. Kwa hivyo busti unayoiona kwenye video za watu wa Japani au Marekani, wanaomwaga petroli ya mashindano au ile ya ethanoli asilimia 85, usiinakili. Kule ethanoli ikichanganywa hivyo inavumilia sana, lakini pia inahitaji kiasi kama theluthi moja zaidi ya mafuta, pampu na injekta kubwa zaidi, na paipu zisizoliwa nayo. Huku kwetu pampuni hakuna.

Na kuna mafuta ya kuchanganywa. Mnakumbuka mwaka 2018 serikali iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa? Sababu iliyotolewa ilikuwa hiyo, watu walikuwa wanachanganya mafuta ya taa na mafuta ya magari kwa sababu yalikuwa rahisi. Mafuta ya taa kwenye petroli yanashusha oktani vibaya. Matatu inaweza ikavumilia. Injini ya turbo iliyokazwa haivumilii. Kwa hivyo chagua stesheni moja unayoiamini, weka hapo, tunza risiti. Kununua petroli ya bei rahisi nyuma ya duka halafu uiweke kwenye injini ya laki tatu, hiyo mimi siielewi.

Mtu ataniambia, "Mimi sina Subaru ya zamani, nina Forester mpya ya SJ, au Golf GTI." Basi yako ni ngumu zaidi. Injini hizo zinamwaga petroli ndani kabisa ya silinda, si kwenye njia ya hewa. Zina pampu mbili: moja ndani ya tangi, nyingine juu ya injini inayoendeshwa na kemu, yenye presha kubwa mno. Na injekta haina mzunguko wote wa kufanya kazi. Petroli lazima iingie wakati pistoni inavuta hewa na inaibana, basi. Pale kwenye mizunguko 6,000 ule muda wa milisekunde 20 unakuwa chini ya 10. Kwa hivyo ile hesabu yetu ya kwenye risiti usiipeleke huko, na usimruhusu fundi wa "hii ni kama zile" akufungulie.

Wa supachaja nao, kama zile Mark X zilizotoka na supachaja kule Japani, au wewe unayetaka kuifunga kwenye injini ya kawaida: supachaja inavutwa na mkanda wa injini, haisubiri moshi kama turbo. Busti inakuja mapema. Lakini hesabu ya petroli ni ileile, na ni mbaya zaidi kidogo, manake sehemu ya nguvu inaliwa na kuizungusha hiyo supachaja yenyewe. Injini iliyozaliwa bila busti haina pampu wala regyuleta iliyofikiriwa kwa busti. Unaanza sifuri.

Sitaki pia mtu asome hapa akimbilie kuweka injekta kubwa tu. Kompyuta ya gari haijui umebadilisha. Itaifungua kwa muda uleule wa zamani, na kila ufunguzi utamwaga zaidi. Gari litakunywa, plagi zitakuwa nyeusi, na petroli ya ziada itaosha oili kwenye kuta za silinda. Injekta bila kutyuni ni nusu ya kazi, na nusu hii inaharibu pia, ila kwa upande wa pili.

La mwisho kwenye ufundi ni moto. Nimeona gari limefungwa paipu ya mafuta ya zile za mita, za kabureta, imebanwa kwa klipu ya bomba la maji, na inapita shibiri moja kutoka kwa turbo. Kabureta inatumia presha ndogo sana. Hapa tunazungumzia baa 4 na zaidi. Ile paipu ikiachia, haidondoshi, inapuliza. Na turbo iliyotoka kukimbia inawaka nyekundu. Nunua paipu iliyoandikwa ya injekta, klipu zake sahihi, na kizima moto kiwe ndani ya kebini, si ndani ya buti chini ya spika.

Tunapenda Subaru kwa sababu ya reli, tusidanganyane. Colin McRae akishinda Safari mwaka 1997, Richard Burns mwaka 2000, Patrick Njiru wetu akiiendesha ile bluu, wazazi wetu walikuwa kando ya barabara wakila vumbi. Lakini magari yale ya dunia yalikuwa yamefungiwa kizuizi cha hewa cha milimita 34 mdomoni mwa turbo, sheria ya mashindano, na nguvu yao ilikuwa kama farasi 300 tu. Hayakuwa na nguvu kuliko gari lolote mtaani. Yalikuwa na kila kitu kinachotosheana: hewa na mafuta, presha na umeme. Ndo maana yalimaliza kilomita zile zote. Wahenga wa huku walisema chombo hakiendi ila kwa nyenzo. Turbo si nyenzo, ni tanga. Tanga kubwa kwenye mlingoti mbovu, mnajua nyote linafanya nini kusi likivuma.

Kaka alikasirika, siwafichi. Si kwa Mzee, kwa ile geji. Siku mbili hakunipigia. Kisha akaja na uamuzi wake mwenyewe: pampu mpya orijino, filta, waya na rilei, ile paipu ndogo ya regyuleta, na geji ya presha ikae palepale kwenye dashibodi. Walipojaribu tena, presha ilishikilia mpaka mwisho na mchanganyiko ukabaki 11 na nusu. Farasi ni zilezile 220, ila sasa ziko zote. Akaniambia, "Dogo, kumbe sikuwahi kuliendesha hili gari." Turbo ya eksi-Japani iko nyumbani kwake ndani ya gunia la mchele, mkewe anailalamikia. Injekta na kutyuni vitakuja pesa ikipatikana. Pengine mwakani. Pengine atalipa karo kwanza na turbo aiuze. Yote mawili ni sawa kwangu.

Kwa hivyo mpangilio wangu ni huu, ukiuchukua sawa, ukiuacha sawa. Kwanza pima: geji ya presha na waidibendi, hata kwa kukodi. Pili rekebisha kile ambacho tayari kimechoka: pampu, filta, waya, paipu. Tatu piga hesabu ya farasi unazozitaka, ununue injekta na pampu ya hesabu hiyo na nafasi juu yake. Nne tafuta tyuna, na umwambie gari linaishi wapi na linakunywa petroli gani. Tano, ndo ufunge turbo. Ukifika namba mbili na pesa imekwisha, simama hapo. Si aibu. Gari lililosimama namba mbili linafika Likoni na kurudi. Gari lililoanza na namba tano linarudi na breki-dauni.

Na wewe unayerekodi kama mimi: siku moja, kabla ya ile ya ekzosi, rekodi geji. Hata kama ni watu kumi tu watakaotazama. Mmoja wao ana laki na themanini mkononi na mama wa kupeleka kliniki.